Skrini mpya kwa ugonjwa wa waya

Busia, Uganda

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampala.

Bwana Meneja,

KUH: KUREJESHEWA SHILINGI 380,000 ZA SKRINI YA LAPTOPU

Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani. Laptopu yangu ilipoingia giza niliipeleka tawini kwenu, na binti wa mapokezi, mtu makini kweli, akaandika kwenye fomu: “Skrini nyeusi, picha inaonekana ukimulika tochi.” Naomba uyasome maneno hayo mara mbili, maana shauri lote limo humo.

Kioo cha laptopu kama yangu hakitoi mwanga chenyewe. Kinachoiangaza picha ni safu ya taa ndogo za LED zilizopangwa ukingoni kwa nyuma. Taa zikizimika, picha inabaki palepale ila hauioni; ukielekeza tochi kwa mshazari unaona hata kishale cha kipanya kikitembea. Hapo unajua madabodi, yaani bodi kuu ya umeme ndani ya laptopu, inatuma picha na kioo kinaipokea. Kinachobaki kuulizwa ni kama umeme wa taa unafika. Nakubali kwamba taa hizo zimo ndani ya skrini na zinaweza kufa zenyewe, na zikifa dawa huwa ni skrini nyingine. Lakini hilo hujulikana kwa mita ya kupimia umeme.

Fundi wenu hakupima. Ripoti yake nzima ni “Skrini imekufa”, na ankara ikafuata. Nikalipa, laptopu ikawaka, nikarudi kazini. Haikuchukua muda mrefu ikaanza kupepesa kila ninapoinua kifuniko, mwishowe ikazima kabisa, mzigo wa mteja uko uwanjani na dereva hakomi kunipigia simu.

Nikairudisha kwenu waranti ya miezi 3 ikiwa bado hai. Jibu nililopewa ni kwamba skrini mliyoniwekea ni nzima, kwa kuwa picha inaonekana kwa tochi, kwa hiyo waranti haihusiki. Tochi ileile! Skrini yangu ilihukumiwa kufa kwa dalili hiyohiyo iliyoisafisha ya kwenu. Nilipomuuliza fundi tofauti iko wapi, aliniambia nizungumze na ofisi. Basi ndiyo nazungumza na ofisi.

Kilichokuwa kibovu nilionyeshwa na fundi wa hapa Busia, kijana mwenye meza moja na mita yake. Kwanza aliunganisha televisheni kwa waya wa HDMI, picha ikatoka safi. Akafungua fremu ya skrini, akaufuata waya unaopanda kutoka madabodi hadi kwenye skrini, akafika kwenye bawaba ya kushoto akaniita nitazame. Pale waya unapojikunja kila kifuniko kinapofunguliwa, ganda lilikuwa limelika, nyuzi zimeanza kukatika na shaba iko wazi, inagusa chuma cha bawaba. Halafu akapima fyuzi ya taa kwenye madabodi, kitu kidogo kama punje ya mtama: upande mmoja volti 19, upande wa pili hakuna kitu. Waya ulipogusa chuma, fyuzi ilikatika. Kisha alichomoa betri kabla ya kubadilisha chochote, kwa sababu ukichomeka waya wa skrini betri ikiwa imeungwa unaweza kuiunguza fyuzi mpya papo hapo. Akabadilisha waya na fyuzi, taa zikawaka.

Waya huo uliochunika ndio uleule mliouchomoa mkauchomeka tena mlipokuwa mnaweka skrini mpya. Wakati huo fyuzi ilikuwa bado nzima, na kuutikisa waya kuliurudishia mguso kwa muda, ndiyo maana ikaonekana imepona. Sijui mtu anawezaje kufungua fremu ile, akaushika waya ule mkononi, asione shaba.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie shilingi 380,000 pamoja na skrini yangu ya kwanza, ambayo niliiomba nikaambiwa vipuri vilivyotolewa hubaki kwa kampuni. Iunganishwe mbele yangu kwenye laptopu hii yenye waya mzima. Ikiwaka, mtachukua ya kwenu. Ikikataa kuwaka, nitaondoka bila kudai senti. Malipo ya fundi wa Busia siyadai. Kazi hiyo ningeilipia hata kwenu kama mngeifanya.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata nitapeleka shauri mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, unaopokea madai yasiyozidi shilingi 10,000,000 bila kuhitaji wakili. Waya wa zamani na fyuzi iliyokatika ninavyo, nimevifunga kwenye bahasha.

Nimeambatanisha nakala za fomu ya mapokezi, ankara, risiti, na picha ya waya pale bawabani.

Wako,
Mteja, Busia