Barua ya wazi kwa Gavana wa Florida: wastani haulipi pango

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ninayoweza kulalamika nayo bila kigugumizi. Wasaidizi wako watapata mkalimani. Huku Orlando hawakosekani.

Kila mara tunasikia jinsi tunavyoongezeka. Ni kweli. Sensa ya 2010 ilituhesabu milioni 18.8, ya 2020 milioni 21.5. New York tuliipita 2014, na mwaka 2022 hakuna jimbo lililokua kwa kasi kutushinda, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1957. Sibishi. Ninachobishia ni ule wastani wa kipato unaotangazwa baada ya hapo.

Chukua kaunti ya Palm Beach. Kwenye kisiwa cha Palm Beach chenyewe, majumba yamejificha nyuma ya michongoma mirefu kuliko basi. Endesha gari kwenda magharibi, bila kutoka kaunti hiyohiyo, hadi Belle Glade kando ya Ziwa Okeechobee: udongo mweusi, miwa mpaka macho yachoke, na vijana wasio na kazi. Ukiwagawia wote kipato sawa kwenye karatasi, Belle Glade haipo tena. Kaunti ya Collier nayo ni vivyo hivyo. Katika mji wake wa Naples wanaishi wastaafu ambao sehemu kubwa ya kipato chao ni gawio la hisa na riba. Jasho lilishatoka miaka mingi iliyopita, mara nyingi katika majimbo ya kaskazini. Fedha hiyo ndiyo inayopanga bei ya nyumba. Mchuma nyanya wa Immokalee, kaunti ileile, analipwa kwa hesabu ya ndoo anazojaza.

Tunaambiwa tushukuru kwamba jimbo halikati kodi ya mapato. Nashukuru. Lakini asilimia 6 ya kodi ya mauzo nailipa kwenye sabuni, viatu na tairi, na mshahara wangu, pango likishatoka, wote huishia dukani.

Mimi nafua mashuka ya hoteli usiku. Mkataba wangu wa nyumba ulipokwisha, pango lilipandishwa, na nilipouliza sababu nikajibiwa neno moja: soko. Mwaka 2022 wapiga kura wengi wa kaunti yetu ya Orange waliunga mkono kikomo cha pango cha mwaka mmoja tu. Lakini mahakama ilikizuia, na 2023 sheria ya jimbo ikaziondolea kaunti uwezo huo kabisa. Kima cha chini cha mshahara nacho tulikipigia kura wenyewe 2020, kipande ngazi kwa ngazi hadi kifike dola 15 Septemba 2026. Pango halikusubiri ngazi hizo.

Ombi langu ni hili: zirudishieni kaunti uwezo wa kuweka kikomo pango linapofumuka. Na utakapotangaza tena kipato cha Palm Beach, isome Belle Glade peke yake, kwa sauti.

Basi langu la mwisho linapita saa nne na robo usiku, kwa hiyo naishia hapa.

Mfua mashuka, Orlando