Pembetatu isihukumiwe kwa kona moja

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mazoezi ya jometri wanayopewa wanafunzi. Mengi huiita pembetatu kuwa ya pembe kali, yaani yenye pembe zote chini ya nyuzi 90, kwa kuwa tu kona moja imeonekana kali. Huko ni kumpotosha mtoto. Kila pembetatu, hata yenye pembe butu (inayozidi nyuzi 90), ina angalau pembe kali mbili. Inayoamua ni ile kubwa kuliko zote: ikiwa chini ya nyuzi 90, zote tatu ni kali.

Mwanafunzi akipewa pembe mbili tu, mathalani 35 na 40, azijumlishe. Anapata 75, na kwa kuwa pembe tatu za pembetatu hujumlisha nyuzi 180, ya tatu ni 105, nayo ni butu. Jumla ya mbili zozote isipozidi 90, hiyo si pembetatu ya pembe kali.

Akipewa pande, kwanza ahakikishe kwamba mbili fupi zikiunganishwa zinaupita mrefu, la sivyo pembetatu haifungi. Kisha alinganishe mraba wa upande mrefu na jumla ya miraba ya zile fupi, kwa sababu pembe kubwa hukaa mkabala na upande mrefu. Ukizishika pande mbili ukaipanua pembe iliyo kati yake, upande wa tatu hurefuka. Kwenye nyuzi 90 hesabu zinalingana. Kabla ya hapo mraba wa upande mrefu ni mdogo, baada ya hapo ni mkubwa.

Chukua sentimita 8, 9 na 12. 64 na 81 ni 145, na mraba wa 12 ni 144. Imeponea kwa moja tu, lakini ni ya pembe kali! Pembe yake kubwa ni takriban nyuzi 89.6, na kwa kipimapembe cha kawaida karibu kila mtu atasoma 90. Jicho halitoshi hapa.

Lingine ni kimo, yaani mstari utokao kwenye kona na kuukuta upande wa mkabala (kitako) kwa nyuzi 90. Katika pembetatu ya pembe kali vimo vyote vitatu huangukia ndani, na michoro mingi ni ya aina hiyo. Mtoto akikutana na pembe butu analazimisha kimo kiingie ndani, anachora mstari wa mshazari, na eneo linakosewa. Afundishwe kurefusha kitako kwa nukta nukta mpaka kimo kikikute kwa nyuzi 90.

Waandaaji wa mazoezi wachanganye aina zote, wazigeuze pande mbalimbali, na waandike vipimo kwenye kila mchoro.

Mwalimu wa Hisabati