Barua kwa Kaka kuhusu gia za gari la nyumbani

Leicester, Uingereza
12 Oktoba 2025

Kaka yangu mpendwa, Baba Rukia,

Shikamoo. Salamu nyingi kwako, kwa Mama, kwa wifi na kwa watoto wote. Sisi huku hatujambo, baridi imeshaanza kubisha hodi na kazi zinaendelea. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza wote, nikausikiliza na ule wa wifi uliofuata, na kwa kuwa kila mmoja wenu anataka nimuunge mkono, nimeona heri niandike barua moja mtakayoisoma pamoja kuliko kuwapa watu wawili maneno mawili.

Nilivyoelewa, fedha za gari zinakaribia kutimia, gari litakuwa la nyumba nzima, wewe unataka la manyuo, ambalo dereva hubadilisha gia kwa mkono huku akikanyaga klachi kwa mguu wa kushoto, na wifi anataka otomatiki, linalojibadilishia gia lenyewe. Nitasema mapema nilikoegemea ili usidhani nakuzungusha. Niko upande wa wifi, ila si kwa otomatiki yoyote ile, na baadhi ya hoja zako ni za kweli kiasi kwamba ndizo zinazopaswa kutuongoza katika kuchagua.

Nianze na ile hoja uliyoitilia mkazo kuliko zote, kwamba Wazungu wenyewe, pamoja na fedha zao, wanaendesha manyuo, kwa hiyo manyuo ndiyo bora. Ni kweli kwamba hata gari ninalotumia kuzungukia nyumba za wazee ninaowahudumia ni la manyuo, na mguu wangu wa kushoto unalijua hilo kila jioni ya foleni. Lakini sababu si ubora. Leseni ya Tanzania hapa hutumika kwa miezi 12 tu tangu mtu ahamie, baada ya hapo ni lazima afanye mtihani wa kwao, na sheria yao inasema kwamba aliyefanya mtihani kwa gari la otomatiki hupewa ruhusa ya otomatiki peke yake, ilhali aliyefanya kwa manyuo huendesha yote mawili. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi kila mzazi amemhimiza mwanawe ajifunze manyuo asije akajifungia mlango, kisha vijana hao wakishafaulu hununua gari kuukuu la bei nafuu, ambalo kwa kawaida ni la manyuo, na mzunguko ukawa unajilisha wenyewe.

Chanzo cha desturi hiyo ni cha zamani zaidi. Gia za kujibadilisha zilianza kuuzwa kwa wingi Marekani, pale kampuni ya General Motors ilipoziweka katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940 kwa jina la Hydra-Matic. Wamarekani walikuwa na petroli ya bei ndogo na injini kubwa, kwa hiyo nguvu kidogo iliyopotelea ndani ya gia boksi haikumuuma mtu. Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili hali ilikuwa nyingine kabisa. Citroën 2CV ya mwaka 1948 ilikuwa na injini ya ujazo wa sisi (cc) 375 yenye nguvu za farasi 9, Fiat 500 ya mwaka 1957 ilikuwa na sisi 479, na hata ile Mini ya Waingereza ya mwaka 1959 ilikuwa na sisi 848 tu. Injini kama hizo ukizifungia gia boksi nzito ya wakati ule, inayomeza sehemu ya nguvu kabla haijafika kwenye magurudumu, hazipandi hata tuta. Basi watu wa Ulaya wakabaki na gia za mkono kwa sababu ya ufinyu wa injini na ukali wa bei ya petroli, na baadaye mazoea yakageuka kuwa fahari, mpaka leo utamkuta mzee wa hapa akisema kwamba asiyekanyaga klachi haendeshi, anaendeshwa. Ndiyo maneno yako hayohayo, Kaka, nawe umeyasema ukiwa Lushoto, mlimani kwetu!

Lakini fahari hiyo sasa inaondoka. Zaidi ya nusu ya magari mapya yanayouzwa Uingereza ni otomatiki. Ford Fiesta, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa gari la kila familia hapa na mara nyingi la manyuo, iliacha kutengenezwa mwaka 2023. Magari ya umeme, ambayo serikali inayasukuma kwa kupanga kwamba kuanzia mwaka 2030 hayatauzwa tena magari mapya yanayotumia petroli au dizeli peke yake, hayana klachi wala gia za kupanga, kwani mota ya umeme huvuta kwa nguvu tangu gari likiwa limesimama na haihitaji kusaidiwa na gia namba moja. Kwa hiyo ukiwafuata Wazungu katika jambo hili, utakuwa unafuata msafara ambao wenyewe umeshageuza njia.

Isitoshe, gari letu halitatoka Ulaya. Litatoka Japani, kama karibu magari yote ya nyumbani yanayopita Mombo, chini ya mlima wetu, na huko tangu mwaka 1991 ipo leseni ya otomatiki pekee ambayo watu wengi wanaoanza kuendesha huichukua. Ndiyo maana ukitafuta gari dogo la familia lenye gia za mkono utazunguka sana, na ukilipata mara nyingi litakuwa la kubebea mizigo, kama Probox, ambalo limeshafanya kazi ya punda kabla ya kupanda meli. Manyuo yaliyo imara yapo, lakini ni Hilux, ni Hiace na Land Cruiser za kazi, na hizo bei yake, unywaji wake wa mafuta na ugumu wa viti vyake havimfai Mama na mgongo wake.

Sasa nije kwenye mlima, kwa sababu hapa ndipo uliponigusa. Umesema otomatiki haifai barabara ya Lushoto kwa kuwa ikishuka haina kizuizi, dereva hubaki anakanyaga breki mpaka zinatoa harufu. Nimeipanda na kuishuka barabara ile tangu utotoni na sitaidharau. Ni kama kilomita 33 za kona na bonde upande mmoja, na gari hushuka karibu mita 1,000 kabla ya kufika tambarare ya Mombo. Dereva akiiacha otomatiki kwenye D, herufi ya kwenda mbele, gia boksi itapanda gia za juu kwa kuwa haioni kazi, injini itazunguka polepole, na uzito wote wa gari utaangukia breki. Breki zikipata moto sana, mafuta ya breki huchemka na pedali huzama bila gari kukamatika. Umesema kweli, na ni hatari kubwa.

Ila tatizo hilo lina dawa, nayo imeandikwa kwenye mkono wa gia wenyewe. Magari mengi ya Toyota yenye otomatiki ya gia nne yana herufi P (kuegesha), R (kurudi nyuma), N (fri, yaani gia imeachiwa), D, kisha tarakimu 2 na herufi L za gia za chini, na ubavuni mwa mkono huo pana kitufe kidogo ambacho madereva wengi hukaa nacho miaka bila kukigusa, au wakikigusa kwa bahati mbaya wakaona taa ya O/D OFF hukimbilia kwa fundi wakidhani gari limekufa. Taa hiyo inasema tu kwamba gia ya nne imefungwa. Ukiwa unaanza kuteremka kutoka Lushoto, unafunga gia ya nne, na penye mteremko mkali kabla na baada ya Soni unapunguza mwendo kwanza kwa breki kisha unashusha mkono kwenye 2, au kwenye L pale ambapo hata kutembea kwa miguu ni kwa tahadhari. Injini itanguruma, nayo inafanya kazi ileile uliyoizoea kwenye Land Rover ukishuka na gia ya pili. Katika baadhi ya magari mapya zaidi utakuta herufi B mahali pa L, na kazi yake ni hiyohiyo.

Na nikiwa hapohapo, tafadhali mkataze yule kijana anayekusaidia kuendesha ile tabia ya kuweka fri kwenye mteremko ili kubana petroli. Gari lenye injini ya siku hizi likishuka likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, kompyuta yake hukata petroli kabisa kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, ilhali likiwa fri linahitaji petroli ya kuifanya injini isizime. Kwa hiyo anahatarisha roho za watu na bado anapoteza mafuta.

Kwa upande wa kupanda, haki iko kwa wifi moja kwa moja. Nilipojifunza hapa, mwalimu alinisimamisha katikati ya kilima akanifundisha kuachia klachi taratibu mpaka sauti ya injini ishuke kidogo na pua ya gari iinuke, ndipo nishushe hendibreki, na kilima chenyewe hakifikii hata robo ya kona moja ya kwetu. Sasa mfikirie wifi amesimama nyuma ya basi linaloshusha abiria kwenye mpando, watoto wanagombana nyuma yake, lori linamsukumia honi, naye ahesabu klachi, hendibreki na mafuta kwa pamoja. Atajifunza, sina shaka, lakini klachi pleti ya kwanza mtaizika mapema. Otomatiki ya kawaida ina chombo chenye mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya oili, kama feni mbili ambapo ukiwasha moja upepo wake huizungusha nyingine, na ndiyo sababu gari linaweza kusimama kwenye gia bila kuzima na kuondoka mlimani bila kurudi nyuma kwa kishindo.

Kuhusu ulaji wa mafuta sitabishana sana. Zile otomatiki za zamani zilikula zaidi, kwa sababu feni hizo hutelezeana na utelezi ni nguvu iliyopotea. Za baadaye zimewekewa klachi ya ndani inayozifunga pamoja mwendo ukitulia. Tofauti iliyobaki, kwa gari la injini ndogo linalokwenda sokoni, shuleni na mara mojamoja Tanga kumpeleka Mama hospitali ya Bombo, dereva mwenyewe anaweza kuifuta au kuizidisha kwa mguu wake.

Hoja yako inayonisumbua kweli ni ya fundi. Klachi ya manyuo ikichoka, fundi wa Mombo anaibadilisha, na betri ikifa mnalishtua kwa kusukuma. Otomatiki haishtuliwi hivyo, kwa kuwa pampu ya oili ya gia boksi huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezima hakuna presha ya kukamata gia. Kwa sababu hiyohiyo ukilivuta kwa kamba safari ndefu huku magurudumu yanayosukuma gari yakizunguka chini, unaiua gia boksi kwa ukavu. Basi nunueni nyaya za kuazima umeme zikae ndani ya gari daima, na likiharibika libebwe, lisiburutwe.

Ni kwa ajili ya fundi huyohuyo nasema si otomatiki yoyote. Ziko zinazoitwa CVT, ambazo hazina gia za ngazi bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Wazo hilo Mholanzi Hub van Doorne alilionyesha kwenye gari la DAF mwaka 1958 kwa mikanda ya mpira, na leo linabana mafuta vizuri sana. Lakini mkanda huo hauvumilii joto la kupanda mlima na mzigo kila siku, wala oili isiyo yake, na gereji nyingi zikiona gia boksi isiyo na klachi humimina oili yoyote nyekundu iliyopo. CVT mpya yenye historia inayojulikana ningeikubali. Ya mtumba, kwa mlima wetu, hapana. Toyota Premio na Allion za kuanzia mwaka 2007 zina CVT, kwa hiyo ukivutiwa na umbo lake kumbuka hilo. Toyota IST ya kwanza, ile iliyotoka mwaka 2002, ina otomatiki ya gia nne ambayo mafundi wameifungua na kuifunga mara nyingi, na ndiyo ningeanza kuitafuta.

Kabla ya kulipa, gari liendeshwe mpaka lipate moto, lisimamishwe mahali tambarare injini ikiwa inawaka, mkono upitishwe kwenye herufi zote taratibu kisha urudi P, ndipo kichomolewe kijiti cha oili ya gia boksi. Oili iwe kwenye alama ya moto na iwe na wekundu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, ondokeni hata kama muuzaji anapunguza bei, maana anapunguza kwa sababu anajua. Likiwekwa D au R lisichelewe kuitikia wala lisigonge. Nenda na wifi, na aliendeshe yeye kwenye kilima huku wewe ukisikiliza, kwa sababu masikio yako ni mazuri kuliko ya dalali.

Sehemu yangu ya fedha nitaituma mara mtakaponiambia mmepata gari na mmelikagua hivyo. Nitumieni picha ya kijiti hicho kwenye kitambaa cheupe pamoja na picha ya mkono wa gia ili nisome herufi zake. Mwambieni Mama nitapiga simu Jumapili jioni.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi