Mhariri, kebo tupu haitoshi kuunganisha redio na kompyuta

Mhariri,

Naandika kuhusu ile makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyowaeleza wasomaji namna ya kuingia kwenye modi za dijitali za redio ya ridhaa (amateur radio), yaani kompyuta inatuma maandishi kwa toni kupitia redio. Nimefurahi sana kuiona, maana ni nadra gazeti la Kiswahili kugusa mambo yetu haya, na pale mlipoelezea FT8 (modi ya kutumiana ujumbe mfupimfupi kwa zamu) mlielezea vizuri tu. Ila kuna sentensi moja imeninyima amani, ile inayosema anayeanza atafute kebo yenye plagi pande zote mbili, upande mmoja achomeke kwenye tundu la hedifoni la laptop, upande wa pili kwenye maiki ya redio, awashe VOX (redio inarusha yenyewe ikisikia sauti), basi kamaliza. Hapana jamani. Mimi nilianza hivyohivyo na nilisumbua watu hewani miezi kadhaa bila kujua, ndo maana naomba nafasi kidogo.

Yaliyonipata ni haya. Jioni moja niko kwenye PSK31 (modi ya kuandikiana), nafurahia kuona herufi zinajitokeza kwenye skrini, akatokea mtu wa mbali kabisa akaniandikia kwa upole kwamba ishara yangu ni pana na anaiona sehemu tatu. PSK31 mnajua ilitengenezwa iwe nyembamba, ni bodi (baud, alama kwa sekunde) 31.25 tu, haifiki hata hezi 100, watu wengi wanakaa pamoja kwenye nafasi ambayo mtu mmoja wa sauti angeijaza peke yake. Kwa hiyo mtu akikuona sehemu tatu maana yake umekalia viti vya wenzako. Nikashusha voliumu ya kompyuta, ikapungua kidogo, lakini kukabaki mvumo chini yake kama wa friji, na siku nyingine laptop ikapokea ujumbe, ule mlio wa "ting" ukaenda moja kwa moja hewani maana VOX haijui kutofautisha, yenyewe ikisikia sauti inarusha. Niliumia sana siku hiyo.

Sasa tatizo liko wapi? Kwanza ni nguvu ya sauti. Tundu la maiki linategemea milivolti chache, tundu la hedifoni la kompyuta linaweza kutoa karibu volti nzima, yaani ni kama kumpigia mtu kelele sikioni ukitegemea atakuelewa vizuri zaidi. Sauti ikizidi inapasuka, na ikipasuka inazaa toni nyingine juu yake: ukituma toni ya hezi 700, zinatokea za 1400 na 2100, na zote zinapita kwenye filta (kichujio cha sauti) ya redio na kwenda hewani. (Ndo sababu WSJT-X, programu ya FT8, ina mpangilio wa split unaobakiza toni kati ya hezi 1500 na 2000, ili hata ikizaa nakala ziangukie nje ya filta. Washeni hiyo, inasaidia mno.) Na msifikiri hakuna atakayeona, maana FT8 iliyotolewa 2017 na Joe Taylor na Steve Franke inasoma ishara iliyo desibeli 20 hivi chini ya kelele ikipimwa kwenye upana wa hezi 2500, sasa programu inayosikia kitu cha chini kiasi hicho itasikia na uchafu wako pia.

Pili ni ule mvumo. Laptop iko kwenye chaja, redio iko kwenye pawasaplai yake, zote mbili zimeshika ardhi kwa njia zao tofauti, wewe ukija na kebo ukaziunganisha tena kwa waya wa nje wa kebo umefunga duara, umeme unazunguka humo na unasikika kama mvumo. Dawa yake ni trasfoma mbili ndogo za sauti, za om 600 kwa 600, moja ya sauti inayokwenda na moja ya inayorudi. Sauti inapita kwa sumaku, waya haugusani na waya. Kale ka PTT nako, yaani ile swichi ya kurusha, kapitishwe kwenye optokapla ambayo inatumia mwanga ndani yake, hapo kompyuta na redio hazigusani popote. Mimi nikiulizwa intafesi (kiboksi cha kuunganisha redio na kompyuta) nzuri ni ipi, swali langu la kwanza ni hilo, je sauti na PTT zimetenganishwa kweli, na muuzaji asipolitaja hilo popote mimi naachana nayo hata kama ina taa za kupendeza.

Lakini kabla hujanunua chochote zunguka nyuma ya redio yako uangalie. Naona watu wanarukia kununua boksi na kumbe redio wanayo tayari. Kama nyuma kuna tundu la USB, kama ilivyo kwenye IC-7300 iliyotoka 2016 au FT-991A au TS-590, basi saundi kadi (kifaa cha kuingiza na kutoa sauti kwa kompyuta) iko humohumo ndani, na kwa kebo moja tu unapata sauti ya kwenda, ya kurudi, PTT na masafa kusomeka kwenye kompyuta. Hapo unachohitaji ni kuweka draiva, kuingia kwenye menyu ukaiambie redio kwamba kwenye modi ya data sauti itoke USB na sio maiki, na kubana pete za feraiti (pete za kuzuia mawimbi ya redio) kwenye kebo ile ili mawimbi ya antena yasirudi kwenye kompyuta ikaganda katikati ya kurusha. Boksi la nje juu ya redio ya namna hii ni kujiongezea waya bila sababu.

Kama hakuna USB tafuta tundu dogo la duara la pini sita lililoandikwa DATA, lipo kwenye FT-817 na FT-857 na redio nyingine nyingi. Hilo ndo tundu la kutumia, achana na la maiki. Kwa nini? Kwa sababu sauti inayotoka hapo haibadiliki ukizungusha kitufe cha voliumu, na kwa redio nyingi ukiwa modi ya data maiki inazimwa yenyewe, hivyo mtoto akilia chumbani hasikiki dunia nzima. Na hapo sasa ndo intafesi ya nje inaingia.

Kwenye za nje mi naona kubwa ni nani anayebonyeza PTT. SignaLink kwa mfano ina saundi kadi yake na inabonyeza yenyewe ikisikia sauti kutoka kwenye programu, ni rahisi kuiweka na haina mambo ya bandari za COM (njia za data za kompyuta), na kwa FT8 inatosha kabisa maana kila zamu ni sekunde 15 na ishara yenyewe inachukua sekunde 12.64, kwa hiyo hata ikichelewa kuachia hupotezi kitu. Lakini ukitaka kufanya pakiti (data inayotumwa vipandevipande) au Winlink (barua pepe kwa redio), ambako redio mbili zinajibizana harakaharaka, kuchelewa kuachia kunakula mwanzo wa jibu la mwenzako, kitufe chake cha DLY (cha muda wa kuchelewa) inabidi ukishushe kabisa, na mimi huko napendelea intafesi inayobonyeza kwa amri ya programu, kwa laini ya RTS (waya wa ishara wa bandari ya COM) au kwa CAT (kompyuta kuiamuru redio kwa data). CAT ina faida nyingine, programu inajua uko bendi gani, kwa hiyo huandiki kwenye logi kwamba uko mita 20 kumbe uko 40. Ila chukueni tahadhari, kompyuta ikiwaka au programu ikifungua bandari ile laini ya RTS inaweza kupanda yenyewe na redio ikaanza kurusha hujagusa kitu, kwa hiyo washa kompyuta kwanza, redio baadaye, na kwenye menyu ya redio weka kikomo cha muda wa kurusha.

Saundi kadi iwe ya kwake peke yake. Hili nasisitiza. Hata kama ni kale kadogo ka USB, mradi sauti za Windows zote zibaki kwenye spika za laptop na hii isiwekwe kuwa ya kawaida ya mfumo, basi "ting" haitakwenda hewani tena. Wanaopenda kulehemu wanaweza kutengeneza wenyewe kwa kadi hiyohiyo, zile zenye chipu ya CM108 zina pini ambayo Direwolf (programu ya pakiti) inaweza kuitumia kwa PTT, ongeza transista au optokapla, trasfoma mbili, na rezista mbili za kupunguza sauti, ya om 10,000 na ya 100, zinashusha kama mara mia. Nilitengeneza yangu hivyo baada ya ile aibu na bado inafanya kazi, ingawa boksi lake sio zuri kwa macho.

Halafu boksi lolote, la bei juu au la kujitengenezea, halimsaidii mtu asiyejua kurekebisha. Weka redio kwenye modi ya data, USB-D au DIGU (hii USB ni upper sideband, sio tundu la kebo), zima kikompresa cha sauti, zima kipunguza kelele, anza na sauti ya chini kabisa kisha panda taratibu huku ukiangalia mshale wa ALC (unaoonyesha redio inavyobana sauti iliyozidi), na kwa redio nyingi unataka mshale ule usitikisike au utikisike kidogo sana. Nguvu shusha. FT8 inarusha mfululizo bila kupumzika tofauti na sauti ya mtu, redio ya wati 100 ikae 30 au 40 na mtakuja kuona wati 5 tu zinafika mbali kushangaza. Saa ya kompyuta nayo iwe sahihi, ikipishana zaidi ya sekunde moja hivi unaanza kuwaita watu wasiokusoma na utalaumu intafesi bure.

Mhariri, ninachoomba ni mchapishe marekebisho ya ile sentensi, kwa sababu kuna vijana wameisoma na wikiendi hii watachomeka. Waliokwisha kununua ile kebo wasiitupe. Waitumie kinyume chake, kutoka tundu la hedifoni la redio kwenda kwenye maiki ya kompyuta, voliumu ikiwa chini, wasikilize tu bila kurusha, wafungue WSJT-X kwenye megahezi 14.074 waone majina ya stesheni yanavyoshuka kwenye skrini, au kituo cha anga za juu (ISS) kikituma picha za SSTV (picha tuli zinazotumwa kwa sauti) kwenye megahezi 145.800 wazipokee. Kwa kusikiliza mvumo kidogo haumdhuru mtu mwingine. Kurusha kusubiri trasfoma na leseni.

Ni mimi msomaji wenu,
mpenzi wa redio ya ridhaa