Kwa mdogo wangu, kuhusu ile saa nane mchana

Kamwene, mdogo wangu.

Simu hupokei. Ujumbe unausoma na kunyamaza. Ile elfu hamsini uliirudisha siku ileile, hata makato hukuyajali. Basi naandika hapa, maana najua usiku huwa unapita. Wengine mtakaosoma mtuwie radhi, haya ni ya nyumbani.

Ozzy Osbourne, yule mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath, alipofariki, tarehe 22 Julai 2025, kidole changu kilikuwa tayari juu ya jina lako. Nikaacha. Ningekupa pole ya mzee wa Birmingham ambaye hakuwahi hata kuisikia Mafinga? Lakini ilikuwa pole yako kabisa, na mtu mwingine wa kumpa sikuwa naye.

Unaikumbuka kaseti ya mwalimu. Haikuwa na jalada, imeandikwa BLACK SABBATH kwa kalamu ya bluu, ubavuni ina ufa. Ulipoiweka mara ya kwanza uliisogeza redio dirishani, ikaanza mvua, ikapiga radi, na mama akatoka mbio jikoni: "Anueni mahindi!" Jua kali, Julai, yeye anakunja turubai. Kisha kengele ikaanza kugonga, akasimama na turubai mkononi akauliza nani amekufa. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Halafu gita likaingia. Noti tatu tu, polepole, kama mtu anayeburuta gogo: ya kwanza, ileile ikiwa juu, na ya tatu ambayo haitaki kukaa na wenzake. Mimi nilisema wimbo umeharibika. Wewe ulisema hapana, imefanywa makusudi ikwaruze. Kabla ya giza ulikuwa umeipata kwenye gita lako lenye waya wa breki ya baiskeli mahali pa uzi wa sita. Mchungaji alipokuja kuuliza muziki wa shetani unafanya nini kwa mpiga gita wa kwaya, ulimjibu kwa adabu kwamba yule mtu kwenye wimbo hamwiti shetani, anamkimbia, na anayemwita amsaidie ni Mungu. Nilijivunia sana siku ile. Sidhani kama nilikuambia.

Na unajua albamu nzima waliirekodi kwa siku moja? Oktoba 1969, London, vijana wanne wakapiga kama wanavyopiga jukwaani, wakaenda zao. Mvua na kengele viliongezwa baadaye. Kwaya yetu ilikaa studio wiki tatu kwa nyimbo nane na bado soprano walikuwa wanalalamika! Ikatoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, wachambuzi wakaiponda, watu wakainunua hivyohivyo mpaka ikafika nafasi ya nane Uingereza. Mimi siyo mtu wa muziki, lakini nadhani naelewa kwa nini. Ni muziki wa watu waliokulia karibu na mashine. Hata hapa kwetu, ukikaa karibu na dingdong, ile mashine ya mbao, inavyopasua paini kutwa nzima, jioni masikio yanaendelea kunguruma yenyewe. Wewe uliwahi kusema gita la Iommi, mpiga gita wao, linanuka chuma.

Sasa wodini.

Najua nilivyokuja. Nilikuja na stori. Nikakuwekea spika ya sikioni, mvua ikaanza, na mimi naongea juu yake: kwamba huyu Tony Iommi alikuwa na miaka 17, kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili, cha kati na cha pete, mkono wa kulia, na yeye ni wa mashoto, kwa hiyo ndio mkono wa kubonyeza nyuzi, sawa na huo wako wa kushoto. Kwamba msimamizi wake alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gita aliyekuwa anapiga kwa vidole viwili baada ya mkono kuungua. Kwamba aliyeyusha chupa ya sabuni akajitengenezea vikofia vya vidole, akavibandika ngozi ya koti kuukuu, akafunga nyuzi nyembamba za banjo zisimuumize.

Ukaitoa ile spika, ukaifuta kwa shuka, ukanirudishia. "Kaka, umemaliza?"

Nikasema nimemaliza. Nilikuwa nimeruka kipande.

Siku ile ya ajali ilikuwa ya mwisho kwa Iommi kazini. Alikuwa amepata bendi ya kwenda nayo Ulaya. Mchana akaja nyumbani kula, akasema harudi tena. Mama yake akamwambia arudi, akaimalize siku vizuri. Akarudi. Mtu wa ile mashine hakuwa amekuja, wakamweka yeye.

Wewe ulikula ugali nusu. Ulisema msumeno unayumba na msukumaji hayupo, na kwamba leo huendi tena. Mimi ndiye niliyesema mwanamume haachi kazi katikati, kamalize siku uchukue hela yako. Ulifunga kamba za raba pale mlangoni, taratibu sana, kama unanipa muda wa kubadili kauli. Saa nane. Sikubadili.

Lakini na wewe nisikilize. Dawa za mama zilikuwa zimebaki za siku mbili. Ningejuaje? Mtu akikuambia msumeno unayumba kila wiki, utaacha kumsikia. Na kazi nilikutafutia mimi kwa sababu kwaya haikulipi, ulikuwa unajua, ukakubali, hukulazimishwa. Mama yake Iommi hakuna anayemlaumu. Mwanawe amemtaja kwenye mahojiano na hajawahi kuacha kumwita mama.

Basi. Nilijaribu kuyeyusha chupa ya sabuni. Nimeungua kidole gumba, na kilichotoka kinafanana na jino la ng'ombe. Ngozi ninayo, ya lile koti la baba. Gita liko juu ya kabati na nimefunga nyuzi mpya, nyembamba kuliko zote dukani.

Nimekuwa nikiipiga ile kaseti jioni. Juzi mvua ilinyesha kweli, nje ya msimu, na mama hakutoka. Alidhani ni sisi. Gunia zima la mahindi limelowa.