Shukrani kwa dada wa foleni ya Thipsamai

Kwa heshima na moyo mkunjufu, natoa shukrani kwa dada ambaye sikubahatika kulijua jina lake, aliyesimama mbele yetu katika foleni ndefu ya mkahawa wa Thipsamai, barabara ya Maha Chai, jijini Bangkok. Mwanangu ana mzio mkali wa karanga, na pad thai, yaani tambi za mchele zinazokaangwa kwa mayai, ukwaju na mchuzi wa samaki, kwa kawaida huliwa na karanga zilizopondwa. Dada huyo aliponiona nikihangaika kujieleza kwa ishara, aliiacha nafasi yake, jambo ambalo si dogo kwa yeyote aliyewahi kupanga foleni pale jioni, akaenda kuzungumza Kithai na wapishi waliokuwa wakikaanga juu ya moto mkali, akasubiri mpaka karai likaoshwa upya, kisha kwa mkono wake mwenyewe akaondoa kibakuli cha karanga mezani petu. Hata juisi ya machungwa tuliyotaka kumnunulia aliikataa kwa upole. Mwanangu alikula akashiba, nami nikala bila hofu. Dada yangu, popote ulipo, ahsante sana, na Mwenyezi Mungu akulipe kheri.