Barua kwa binti yangu kipa

Mama yangu,

Shikamoo yako imenifikia kupitia kwa mama yako, marahaba. Sisi huku Ngamiani, Tanga, wazima, ni joto tu linalotusumbua. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenijibu "sawa baba" mara tatu, halafu ungesema chaji inaisha. Barua haina chaji.

Mechi niliitazama barazani kwa muuza kahawa, wazee kama kumi, simu moja imeegemezwa kwenye kopo la kashata. Lile goli la dakika ya 88 nililiona mara moja pale, na mara nyingine nyingi usiku kitandani, mpaka mama yako akaniambia nizime au nihamie sebuleni. Krosi ilitoka kulia. Ukapiga hatua mbili mbele, ukarudi moja. Nusu fainali ikaishia hapo. Lakini goli sitaliongelea, una mwalimu wa makipa na anayajua mambo yake. Ninachotaka kuongelea ni zile sekunde 19 za mahojiano zilizofuata.

Umesimama mbele ya bango la wadhamini. Jasho linakutiririka, unafungua mkanda wa glavu kwa meno. Kijana anakuuliza goli limetokana na nini. Unauachia ule mkanda mdomoni, unasema, "Muulizeni namba nne, mimi sina la kusema," unaondoka. Kamera ikabaki inatazama bango.

Barazani watu walinyamaza. Mzee mmoja, unamjua, yule fundi baiskeli, akasema, "Kamtaja mwenzake." Hakuongeza neno. Akaagiza kahawa nyingine.

Namba nne ni yule yule uliyekuja naye hapa sikukuu ya Idi. Alilala chumbani kwako. Alitaka kumsaidia mama yako kukuna nazi, mbuzi ikamkata kidole, tukacheka kwamba kwao Kigoma wamezoea mawese. Sasa kila anayefungua simu anakuta uso wa kipa wake unamnyooshea kidole. Sijui mlilalaje chumba kimoja usiku ule.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Miaka ya 90 nilikuwa naripotia redio moja michezo ya uwanja wa Mkwakwani, nalipwa kwa kila habari. Nilikuwa na rekoda ya kaseti na kipaza sauti nilichokivika soksi ya kaka yako ili kisivume kwa upepo. Jioni moja beki wa timu ya hapa mjini akajifunga dakika za mwisho. Nikamfuata hadi mlangoni kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Swali la kawaida nilikuwa nalo, ila nilijua swali la kawaida huzaa jibu la kawaida, na jibu la kawaida mhariri hulikata. Nikamwambia, "Mashabiki wanasema umeuza mechi. Unasemaje?"

Hakuna shabiki aliyeniambia hivyo, mama. Nililitunga palepale.

Akaitazama rekoda, akasema, "Kaka, zima hiyo." Sikuzima. Akaanza kulia, nami nikakisogeza kipaza sauti karibu zaidi. Sauti ile ilikwenda hewani usiku huohuo na mhariri akanipongeza. Kuanzia wiki iliyofuata yule bwana akaitwa Mnada. Sokoni Mnada, kwenye daladala Mnada, na mwanawe shuleni akawa mtoto wa Mnada. Mwishowe walihama. Sikuwahi kumwomba radhi, na aliko sasa sikujui.

Nimekueleza haya ujue kwamba mtu mwenye kipaza sauti na yeye ana njaa yake. Wengi wao ni watu wazuri, vijana wanaojitafutia. Nyuma yake yupo bosi anayesubiri, na matangazo ya biashara yanaingia baada ya dakika moja na nusu. Ndiyo maana anakuuliza "unajisikiaje" wakati anaona kabisa unavyojisikia. Lile ni ombi la sentensi moja tu, na ukimpa sentensi moja anashukuru na kwenda zake. Ukimpa hasira anashukuru zaidi.

Najua nyie vijana mnawacheka wachezaji wanaosema mpira una matokeo matatu. "Kwanza namshukuru Mungu, mechi ilikuwa ngumu, wenzetu wametumia nafasi waliyoipata, makosa tumeyaona, mwalimu atayafanyia kazi, mashabiki wasikate tamaa." Nimeyarekodi maneno hayo mpaka kaseti zikachanika. Siku hizi nayaheshimu. Mtu aliyetoka kufungwa kifua kinamwaka, ulimi hauna breki, na maneno yale anayajua kama dua ya kula. Wakati mdomo unayatamka, moyo unapata kupoa. Hakuna aliyewahi kuitwa Mnada kwa kusema mechi ilikuwa ngumu.

Tatizo lake ni moja tu: yakiwa peke yake hayana mwenyewe, mtu yeyote angeweza kuyasema. Kwa hiyo mimi ningekuomba uyaseme yote, umshukuru Mungu, useme wenzetu wametumia nafasi yao, halafu katikati utie neno moja lililo lako. Siku ile neno lenyewe lilikuwepo. "Nilitoka, nikasita." Basi. Ungesema hivyo, kijana angebaki na kipande chake, namba nne angevua viatu kwa amani, na wale wachambuzi wa redioni wangekosa cha kubishania asubuhi, kwa sababu mwenyewe ameshasema.

Unamkumbuka Eliud Kipchoge, yule mkimbiaji wa Kenya, kule Paris. Tarehe 10 Agosti 2024 alikwenda kutafuta dhahabu ya tatu mfululizo ya marathoni ya Olimpiki, kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukipata. Mgongo ukamkaba. Baada ya kilomita 30 akawa anatembea, wenzake wote wanampita, mpaka akawa wa mwisho barabarani, mashabiki wanatembea naye kama wanamsindikiza msibani. Viatu akagawa, soksi akagawa, namba ya kifuani akagawa, akasubiri gari. Tamirat Tola wa Ethiopia akashinda kwa saa 2:06:26. Na huyu mzee wa miaka 39 asiye na viatu akaenda kusimama mbele ya waandishi. Akasema hii ndiyo marathoni yake mbaya kuliko zote, kwamba hajawahi kuacha mbio njiani, kwamba maumivu yalikuwa ya mgongo. Akajifananisha na bondia: ameshinda, ameshika nafasi ya pili, ya nane, ya kumi, na sasa ameangushwa.

Mimi kilichonigusa ni kile kidogo: mgongo wake. Mwaka 2020 London, alipomaliza wa nane, alisema sikio lake la kulia liliziba. Sikio lake, mgongo wake. Angetaka kutafuta wa kumlaumu asingekosa. Mwaka uleule wa Paris alikuwa ametukanwa mitandaoni mpaka basi. Kelvin Kiptum, mkimbiaji mwenzake wa Kenya, alipofariki kwa ajali ya gari mwezi Februari, watu wakazusha kwamba Kipchoge anahusika. Alikuja kuieleza BBC kwamba amepoteza marafiki wengi. Mtu wa namna hiyo angewaambia waandishi wamwache, nani angemlaumu? Lakini alisimama.

Na kuna mzee wetu John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa marathoni, ambaye jibu lake kila kiongozi hulikariri anapoiaga timu uwanja wa ndege, mpaka limekuwa kama tangazo. Mexico 1968 aliingia uwanjani goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akasema nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Watu hulisifia kwa uzalendo. Sawa. Mimi nilipolisikia tena juzi nilitazama kisichokuwemo. Alianguka kwenye msongamano wa wakimbiaji, na katika jibu lile hakuna mtu aliyemsukuma.

Mama yako amenisikilizisha sauti uliyomtumia, pale unaposema, "Mbona Naomi Osaka aligoma kuongea na waandishi?" Kweli aligoma. Mwaka 2021, mashindano ya tenisi ya Ufaransa, akasema mikutano ile inamuumiza akili; wakamtoza faini ya dola 15,000, siku moja baadaye akajitoa mashindanoni. Tulipoisikia barazani tulimcheka, tukasema watoto wa siku hizi ni mayai. Nilikosea. Yeye alisema mapema, akatoa sababu yake mwenyewe, akalipa kwa jina lake mwenyewe. Siku ukiona huwezi, mwambie afisa habari kabla hujatoka uwanjani ampeleke nahodha au mwalimu. Hiyo ni haki yako na sitakucheka. Lakini wewe hukugoma, mwanangu. Wewe uliongea.

Kabla ya kwenda kwenye bango omba dakika kumi. Huwa wanazo, hata kama wanasema hawana. Nawa uso, kunywa maji, vua glavu zote mbili, maana mtu mwenye glavu mkononi bado yupo mechini. Swali lisikilize mpaka mwisho, hata likiwa refu kama treni ya mizigo. La mwamuzi liache lipite, faini za ligi ni kubwa kuliko posho yako, na penalti hairudi. Kulia ukilia lia. Machozi hayana jina la mtu ndani yake.

Na mlangoni kwa basi ndipo penye balaa siku hizi. Pale kwenye bango kuna utaratibu, kuna mtu anayesema "swali la mwisho". Mlangoni kwa basi kuna simu kumi na tano zimenyooshwa, kila moja ni televisheni ya mtandaoni, na kila mwenye simu ana njaa kama yangu ya miaka ile. Mmoja atakuja na "mashabiki wanasema". Ukisikia "mashabiki wanasema", jua hakuna shabiki aliyesema. Mjibu "asante kaka", panda basi, kaa dirisha la upande wa pili.

Juu ya namba nne, sitakuambia cha kumwambia. Ila usimtumie ujumbe wa simu wakati mnalala chumba kimoja.

Habari za nyumbani: mdogo wako anatumia glavu zako za zamani kuepulia sufuria, moja imeungua vidole, mama yako amechoka kumsema. Fundi baiskeli anakusalimu. Anasema krosi ile hata yeye angesita.

Barua hii iko chini kabisa ya kifurushi, imefungwa kwenye nailoni isiingie mafuta. Kimepanda basi la alfajiri, namba ya kondakta mama yako atakutumia, ukakichukue kituo cha Magufuli pale Mbezi kabla ya saa saba mchana. Ndani kuna mikate miwili ya kumimina, ameimimina jana usiku. Mmoja ameufunga kwa kitambaa cha bluu, ule usiufungue wewe. Ni wa yule mtoto wa Kigoma. Mama yako anauliza kama kidole kilipona.

Wasalaam,
Baba yako